William De Morgan, Mfinyanzi wa Vigae

Wanafunzi wa hesabu wanalijua jina la De Morgan. Katika somo la seti ziko kanuni mbili zinazoitwa kanuni za De Morgan, na jina hilo ni la Augustus De Morgan, aliyekuwa profesa wa hesabu katika University College, London. Lakini habari ninayotaka kuwasimulia, wasomaji wenzangu, si ya profesa huyo. Ni ya mwanawe, William, ambaye akili yake hakuitia katika hesabu bali katika udongo. Alifanya vigae vya kupambia kuta, na leo vigae hivyo vinatafutwa na kutunzwa kama vito. Hata hivyo kazi hiyo nusura imtie katika ufukara.

Wazee wetu husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tuyasikilize maisha ya mtu huyu, kisha tuone kama methali hiyo ilikuwa kweli kwake.

Kwanza yafaa nieleze ni vigae gani ninavyosema. Wengi wetu tukisikia neno kigae hufikiri kipande cha chungu kilichovunjika, au vile vya kuezekea nyumba. Kigae cha habari hii ni kibao cha mraba cha udongo uliookwa, ambacho uso wake umetiwa rangi na kufunikwa kwa ngozi nyembamba ya kioo. Kipimo chake cha kawaida kilikuwa inchi sita kwa sita, yaani sentimeta 15 hivi. Kupamba ukuta kwa udongo wenye kioo si jambo geni kwetu Afrika ya Mashariki. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yako makaburi ya kale yaliyopachikwa sahani za Kichina.

Katika Uingereza, watawa wa zamani walitandika vigae katika sakafu za makanisa yao, lakini baadaye ufundi huo ukafifia. Ulifufuka wakati wa Malkia Victoria, aliyetawala tangu mwaka wa 1837 mpaka 1901. Mtu mmoja aliyeufufua sana ni Herbert Minton, mwenye kiwanda cha vyombo katika mji wa Stoke-on-Trent. Mwaka wa 1840 Richard Prosser alipewa hataza ya njia ya kushindilia unga mkavu wa udongo kwa mashine, na Minton akajipatia fungu katika haki hiyo. Tangu hapo vigae vikaweza kutolewa kwa maelfu, na bei ikashuka. Moshi wa makaa ya mawe ulikuwa unachafua kila kitu mijini, na ukuta wa vigae ulisafishwa kwa kitambaa cha maji tu. Kwa hiyo vigae vikaenea katika maduka ya nyama na maziwa, hospitali, vituo vya reli, na kandokando ya mahali pa kuotea moto ndani ya nyumba. Vya Minton vilitandikwa hata katika Bunge la London na katika jumba la Bunge la Marekani huko Washington. Minton alikufa mwaka wa 1858, naye aliacha kiwanda chenye nguvu na sifa kubwa.

Wakati huo William De Morgan alikuwa kijana bado. Alizaliwa London tarehe 16 Novemba, 1839, katika nyumba ya watu wenye elimu. Baba yake alikuwa mtu wa vitabu na mzaha mwingi, na mama yake, Sophia, alijishughulisha na mambo ya kuwasaidia wanyonge. William alisoma, na mwaka wa 1859 akaingia katika shule ya uchoraji ya Royal Academy. Hakung'ara huko. Lakini mwaka wa 1863 hivi alifahamiana na William Morris, ambaye pamoja na rafiki zake alikuwa ameanzisha kampuni ya kutengeneza vitu vya nyumbani kwa mikono. Morris alichukizwa na vitu vibaya vilivyomiminika kutoka viwandani, na De Morgan akaivutwa na fikira hiyo. Akaanza kuchora madirisha ya vioo vya rangi na kupamba makabati.

Kazi ya vioo ndiyo iliyomfungulia mlango. Mafundi wa vioo hutumia dawa ya fedha ili kupata rangi ya manjano. De Morgan aliona kwamba mara nyingine, kioo kikitoka katika tanuri, uso wake humeta rangi kama za upinde wa mvua. Watu wengine wangeliona hilo kuwa kosa la moto tu. Yeye alikumbuka vyombo vya zamani vya Uhispania na Italia vilivyokuwa na mmeto wa namna hiyo, kana kwamba vimepakwa dhahabu na shaba. Ufundi huo ulianza kwa wafinyanzi Waislamu wa Iraki zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, ukaenda Misri, Uajemi, na Uhispania, na kutoka huko ukafika Italia. Katika Ulaya ya siku zake ulikuwa karibu umesahauliwa. De Morgan akaazimu kuutafuta upya.

Alijenga tanuri katika chumba cha chini cha nyumba aliyopanga katika Fitzroy Square, akaliunganisha na bomba la moshi la nyumba hiyo. Bomba halikuweza kuuchukua moto mkali kiasi hicho, na siku moja paa likashika moto. Hapo ikambidi kutafuta mahali pengine. Baba yake alikuwa amekufa mwaka wa 1871, na mwaka uliofuata William akahamia mtaa wa Chelsea pamoja na mama yake na dada yake, akaanza kazi ya ufinyanzi kwa dhati. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Inafaa tueleze jinsi mmeto ule unavyopatikana, maana sisi tunaosoma kemia tutaufahamu. Kigae huokwa kwanza pamoja na ngozi yake ya kioo. Kikiisha kupoa, fundi huchora juu yake kwa mchanganyiko wenye madini ya shaba au fedha. Kisha hukirudisha katika tanuri, lakini kwa moto mdogo kuliko ule wa kwanza. Moto ukifikia kiasi chake, hutiwa vipande vya kuni au unga wa mbao ili tanuri lijae moshi. Moshi huo unatafuta oksijeni, na kwa kuwa hewa ni haba, huinyang'anya kutoka katika madini yale. Shaba au fedha hubaki peke yake, utando mwembamba mno, ukishikamana na kioo. Moshi ukipungua, hakuna mmeto. Ukizidi, kigae hutoka cheusi. Dakika chache tu zaweza kuiharibu kazi ya majuma mengi. De Morgan alipoteza matanuri mazima ya vigae kwa namna hiyo, naye kila mara alianza tena.

Mmeto haukuwa kazi yake pekee. Alipenda pia rangi za vigae vya kale vya Uturuki, Shamu, na Uajemi: feruzi, buluu iliyokoza, kijani, na zambarau. Akazitafuta hizo nazo mpaka akazipata. Michoro yake ilikuwa ya maua, majani yaliyosokotana, ndege, samaki, merikebu zenye matanga, na majoka ya ajabu ambayo hayajapata kuonekana popote. Wanyama wake wana uso wa kuchekesha, kama kwamba wanajua siri fulani.

Ili michoro hiyo iweze kurudiwa bila mashine, alibuni njia ya werevu. Mchoro wa asili uliwekwa nyuma ya kioo, na mbele ya kioo ikabandikwa karatasi nyembamba. Mchoraji aliufuata mchoro ule juu ya karatasi kwa rangi za tanuri. Karatasi ilibandikwa juu ya kigae, upande wa rangi ukielekea chini, na juu yake ukatiwa unga wa kioo. Katika tanuri karatasi iliungua ikawa majivu, na rangi ikabaki chini ya kioo. Kwa hiyo vigae viwili vya mchoro mmoja vilifanana, lakini havikuwa sawasawa kabisa, maana kila kimoja kilipita katika mkono wa mtu. Miongoni mwa wachoraji wake walikuwako ndugu wawili, Charles na Fred Passenger, na mwangalizi wa tanuri alikuwa Frank Iles. Watu hawa walikaa naye miaka mingi.

Ustadi wake ulipimwa kwa mtihani mgumu katika nyumba ya mchoraji mashuhuri Frederic Leighton. Kuanzia mwaka wa 1877 Leighton alijenga ukumbi wa namna ya Kiarabu ndani ya nyumba yake huko London, ili apachike vigae vya kale alivyokusanya, hasa kutoka Damasko. Baadhi ya vigae hivyo alivipata kwa msaada wa Richard Burton, yule yule aliyefika Ujiji mwaka wa 1858 pamoja na Speke na kuliona Ziwa Tanganyika, na ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza katika Damasko. Vigae vilipofika vingine vilikuwa vimevunjika, na vingine havikutosha. De Morgan alipewa kazi ya kuvipanga na kufanya vipya vya kuziba mapengo. Mtu akiingia leo katika ukumbi huo, ambao sasa ni sehemu ya jumba la makumbusho, aona taabu kubwa kutambua kipi ni cha fundi wa Damasko na kipi ni cha mtu wa Chelsea. Nje ya ukumbi, katika njia ya kuelekea ngazi, kuta zimevaa vigae vyake vya buluu kama shingo ya tausi.

Sifa zikaenea. Alifanya vigae vya Livadia, merikebu ya mfalme wa Urusi iliyojengwa Scotland mwaka wa 1880. Baada ya hapo alipamba meli kumi na mbili za abiria za kampuni ya P&O. Meli hizo hazipo tena, na vigae vyake vingi vimepotea pamoja nazo. Mwaka wa 1882 alihamisha kiwanda chake Merton Abbey, karibu na kile cha rafiki yake Morris, na mwaka wa 1888 akakihamisha tena Fulham, akishirikiana na msanifu wa majengo Halsey Ricardo.

Sasa tufike kwenye jambo la kusikitisha. Kazi ilisifiwa, bali fedha hazikuonekana. Kigae cha mashine kilikuwa tayari kwa muda mfupi na kwa senti chache. Cha De Morgan kilipita katika mikono mingi na moto mara mbili au tatu, na sehemu ya kila tanuri iliharibika. Tena yeye hakuwa mtu wa biashara. Akipata fedha, alizitia katika majaribio mapya. Angeweza kununua mashine, kupunguza wachoraji, na kuuza vitu vya kawaida vyenye jina lake. Hakufanya hivyo.

Mwaka wa 1887 alimwoa Evelyn Pickering, mchoraji hodari wa picha, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 16. Hawakujaliwa watoto. Bibi huyu alitia fedha zake mwenyewe katika kiwanda cha mumewe ili kisife. Afya ya De Morgan haikuwa njema, mgongo ukimsumbua, na kwa shauri la madaktari wakawa wanakaa Florence, Italia, kila majira ya baridi. Hata huko hakupumzika. Aliwaajiri wachoraji Waitalia, wakachora zile karatasi nyembamba, naye akazipeleka London kwa posta zikabandikwe na kuokwa. Lakini kiwanda hakiwezi kuendeshwa vizuri kwa barua, na hasara ikazidi.

Jambo moja linaonyesha tabia yake. Siri ya mmeto ule ilimgharimu miaka mingi na fedha nyingi, na mtu mwingine angeifungia sandukuni. Mwaka wa 1892 De Morgan alisimama mbele ya Society of Arts, chama cha kuendeleza ufundi huko London, akaeleza njia yote waziwazi, ili anayetaka ajifunze. Mwaka uliofuata alikwenda Misri kwa ajili ya serikali ya huko, kuchunguza kama ufinyanzi ungeweza kukuzwa katika nchi hiyo.

Ilipofika mwaka wa 1907 aliona hawezi kuendelea, akajitoa. Wasaidizi wake wa siku nyingi waliendelea kuchora kwa miaka michache, kisha nao wakafunga. Hivyo ndivyo kazi ya miaka 35 ilivyokwisha.

Lakini ajabu ni kwamba wakati huo huo De Morgan alikuwa amekwisha kuwa tajiri wa jina katika kazi nyingine kabisa. Alipokuwa mgonjwa alijifurahisha kwa kuandika hadithi. Inasemekana kwamba yeye mwenyewe alizitupa kurasa za kwanza, na mkewe ndiye aliyeziokota na kumsihi aendelee. Kitabu hicho, Joseph Vance, kilitoka mwaka wa 1906, naye akikaribia miaka 67. Kilipendwa sana Uingereza na Marekani. Akaandika vingine, vikawa saba katika maisha yake, na fedha ambazo vigae vilimnyima vikampa vitabu. Yule ambaye hakung'ara katika uchoraji, na aliyepata hasara katika ufinyanzi, akawa mwandishi mashuhuri katika umri ambao wengi hukaa barazani.

Alikufa London tarehe 15 Januari, 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Ugonjwa uliomwua ulikuwa homa ya mahandaki iliyowasumbua askari, na inasemekana aliambukizwa na askari aliyekuja kumtembelea. Evelyn alivimalizia vitabu viwili alivyoviacha, akaipa Makumbusho ya Victoria na Albert michoro ya mumewe zaidi ya 1,000, naye akafa mwaka wa 1919.

Baada ya hapo watu wakageuka. Mambo ya wakati wa Victoria yakaonekana ya kizee. Nyumba nyingi za zamani zilivunjwa, hasa katika miaka ya 1950 na 1960, na vigae vikatupwa pamoja na kifusi. Mtu mmoja hakukubali. Alikuwa Wilhelmina Stirling, ndugu yake Evelyn. Yeye alikusanya vigae, vyombo, na picha za shemeji yake na dada yake, akavijaza katika Old Battersea House, nyumba ya kale aliyokaa huko London tangu mwaka wa 1931. Alivitunza mpaka kifo chake mwaka wa 1965, alipokuwa karibu kutimiza miaka 100. Mwaka wa 1967 ukaundwa mfuko wa kuvihifadhi. Leo baadhi yake vyaonyeshwa katika nyumba ya Wightwick Manor karibu na Wolverhampton, na vingine huko Cannon Hall karibu na Barnsley.

Polepole wengine wakaanza kufuata njia hiyo. Mwaka wa 1981 kilianzishwa Uingereza chama cha watu wanaochunguza na kuhifadhi vigae, na huko Jackfield, ambako zamani kilikuwapo kiwanda kikubwa, pana makumbusho ya vigae tu. Mkusanyaji mzoefu akikipata kigae hukigeuza kwanza, kwa kuwa alama ya kiwanda huwa nyuma. Kisha hutazama mgongo kama ni wa unga ulioshindiliwa kwa mashine au wa udongo mbichi uliofinyangwa. Mwisho hukiinamisha kwenye mwanga: alama za brashi zitaonekana, hapa rangi nzito, hapa nyepesi, na kama kina mmeto, kitabadilika kutoka rangi ya divai mpaka dhahabu. Tena mkusanyaji mwema hakibandui kigae ambacho ukuta wake ungalipo. Mahali pake pa haki ni pale fundi alipokiweka.

Sasa turudi kwenye methali yetu. Vigae vya De Morgan vilikuwa vyema, lakini siku zile havikujiuza vya kutosha kumlisha aliyevifanya. Vilijiuza baadaye, yeye akiwa kaburini, na bei yake wakaipata wengine. Kwa hiyo nadhani methali ni ya kweli, ila haisemi itachukua muda gani. De Morgan hakujua kama siku hiyo ingekuja. Aliijua kazi iliyo mbele yake tu, naye hakukubali kuifanya vibaya ili apate wanunuzi. Sisi tulio shuleni, ambao twapenda kujua alama zetu siku ile ile ya mtihani, tumkumbuke mzee huyu aliyengoja mbele ya tanuri lililojaa moshi, bila kujua kigae kitatoka cha dhahabu au cheusi.